Mwanangu, kurudi ulirudije?

Mwanangu Zuhura,

Assalaamu alaikum. Huku Likoni sote wazima, ila magoti ya mamako ni yale yale na dawa hataki.

Zile sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote. Mamako naye kazisikiliza, halafu akampelekea Mama Riziki, kwa hivyo sasa mtaa mzima unajua kwamba binti wa mzee wa teksi alipanda ndege ya kukodi kwenda kustarehe kasino huko Laughlin, Marekani. Sikulaumu. Nasema tu mtaa unajua. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikianza jambo hili unanikata kwa kicheko, mara mtandao mbaya, mara zamu imefika.

Umesimulia vizuri, hilo nakupa. Kiwanja kidogo kisicho na foleni. Mabegi yakachukuliwa pale mlangoni, mkaja kuyakuta chumbani. Ndani ya ndege ni watu wa safari moja, wengi wazee, wanaitana majina kutoka kiti hadi kiti kama watu wa harusi wanaokwenda Malindi. Mkatua Arizona, basi la hoteli likawavusha mto Colorado, na chupa ya maji haijaisha mko Nevada. Nikafurahi, wallahi. Mtu anayekesha kuwageuza wazee wa watu kitandani, wakati wa theluji na wakati wa jua, anastahili siku chache za kutandikiwa yeye. Na nauli ulilipa mwenyewe, hukumkopa mtu. Hilo nimelisema msikitini, na sikutaja ilikuwa safari ya wapi.

Lakini kurudi ulirudije? Nimehesabu sauti zako. Zote ni za kwenda, za kufika, za kula na za mtoni. Ya kurudi hakuna hata moja.

Mimi chata nazijua. Ndege za Kijerumani za Condor na LTU sina haja ya kukusimulia, viatu vyako vya shule vilishuka na abiria wake. Basi nisikilize kwa hili moja ninalolijua. Chata ni ndege ambayo mwenye hoteli ameikodi nzima. Kiti kikienda kitupu hasara ni yake, kwa hivyo atakijaza kwa bei ya kutupa, mradi ushuke kwake na ulale kwake. Wale Wajerumani wa Diani walilipia chumba na chakula, na mwenye hoteli akapata riziki yake humo. Wewe unaniambia chumba kilikuwa rahisi, chakula rahisi, ndege rahisi. Sasa mafuta ya ile ndege nani alilipa? Uliyepata A ya hesabu ni wewe, si mimi.

Nilimtuma ndugu yako Salim anitafutie huo mji kwenye simu, na kwa mara moja simu yake ikafanya kazi ya maana. Kumbe Laughlin ni jina la mtu! Don Laughlin, mzaliwa wa Owatonna, Minnesota hiyo hiyo yenu. Angali mwanafunzi, tayari alikuwa na mashine zake za kamari. Mwalimu mkuu akamwambia achague, biashara au shule, naye akaenda na mashine. Mwaka 1964 akanunua moteli iliyofilisika ukingoni mwa mto, vyumba 8. Vinne alilala na familia yake, vinne akapangisha. Akaweka mashine 12 na meza 2, na kuku wa kula hadi ushibe kwa senti 98.

Hapo nilimwambia Salim asimame, asome tena. Senti 98, kuku mpaka ushibe! Mimi nimeishi na wauza kuku, hakuna faida hapo. Kuku yule hakuwekwa apate faida.

Halafu likaja daraja. Basi lenu lilipovuka mto mlipita wapi? Lile la mjini pale, lililojengwa miaka ya 1980, mzee huyo alilijenga kwa pesa zake, dola milioni 3.5, akalitoa bure kwa Nevada na Arizona. Nilinyamaza, Zuhura. Mimi niliyezeekea kwenye foleni ya feri, kila uchaguzi naahidiwa daraja, mwisho wake tukapewa lile la kuelea pale Liwatoni, la kwenda kwa miguu. Kumbe ng'ambo kuna mtu mmoja anajenga daraja kama mtu anavyojenga kibanda. Alifariki mwaka 2023, ana miaka 92. Nimemheshimu, siwezi kuficha. Angegombea ugavana hapa ningempa kura. Lakini hebu tazama: kuku, daraja, chumba, ndege, vyote vinamvuta mtu upande mmoja. Najua daraja lina pande mbili, usinicheke.

Sasa unasema Januari wamekuita tena, na safari hii chumba bure, kiti cha ndege bure. Unaniambia hilo kwa furaha, na mamako akapiga kigelegele. Mimi usingizi ndipo uliponiruka.

Ile kadi waliyokupa, unayoichomeka kwenye mashine kabla ya kucheza, unadhani ni ya urembo? Inaandika umetia kiasi gani na umekaa kwa muda gani. Wanakuita kwa hesabu hiyo. Mtu aliyekaa ukingoni mwa mto akitazama maji na kula aiskrimu, kama ulivyomwambia mamako, hapewi ndege bure. Sikuulizi kiasi. Mamako ndiye atakayeuliza. Mimi nataka kujua ulivyorudi: ulikaa dirishani ukazungumza, au ulijifunika koti usoni?

Kwa sababu mimi niliwabeba wakitoka.

Wakienda kasino, usiku bado mchanga, mgeni anakaa mbele, anauliza jina langu, nina watoto wangapi, anacheka, anaacha chenji. Alfajiri mtu huyo huyo anakaa nyuma. Hakuna mazungumzo. Anauliza bei mara mbili na alikwisha ilipa jana yake. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alifika getini kwa hoteli yake akaanza kunihesabia sarafu za kwao, moja moja, juu ya kiti, huku taa ya ndani ikiwaka. Benki sarafu za kigeni hazibadilishi, na yeye alijua, na mimi nilijua. Nikamwacha ahesabu mpaka mwisho. Na chata yake ilikuwa bado wiki nzima. Hiyo ndiyo chata: siku yako ya kurudi imeandikwa, fedha zako ziwepo zisiwepo. Mara moja tu nilipoziona zikija kuwachukua watu kabla ya siku yao ni Mei 2014, Uingereza ilipotoa ile ilani ya usalama na Waingereza wakatolewa Pwani mbio mbio. Kwa aliyemaliza pesa sikuona ndege ikitumwa.

Na mlangoni pale walikuwa wakitupa cha kwetu sisi madereva kwa kila kichwa tulichokileta. Nyinyi mkasoma. Tuyaache hayo.

La haramu na halali sikuandikii, unalijua tangu madrasa, na huko Minnesota misikiti imejaa.

Tukija kwenye hiyo Uber yako, hapo nimekubali, na unajua kukubali kwangu kulivyo kuzito. Ilipoingia Mombasa mwaka 2016 stendi yetu ilikufa tukiitazama, mimi nikabaki na gari lenye mstari wa manjano na redio. Lakini ulivyoeleza ni kazi nzuri. Bei umeiona kabla hujapanda. Namba ya gari unayo, sura ya dereva unayo. Yule bwana mstaafu mwenye kofia, aliyewapeleka Oatman milimani, akawaambia huko simu hazishiki vizuri na mkimwacha aondoke hamtapata gari la kurudi, akakubali kuwangoja, huyo ni dereva. Angeweza kuwaacha, programu haimlazimishi. Mlimpa nini juu ya nauli? Natumai mlimpa. Uone basi: mtu wa pekee katika safari yako yote aliyefikiria mtarudi vipi alikuwa dereva.

Na punda! Mwanangu, umevuka bahari, umekodiwa ndege, umekodi na gari, kwenda kutazama punda wamesimama barabarani. Kwa kina mamako Lamu punda wanakupiga kikumbo ukienda dukani. Mamako alicheka mpaka akashika mbavu. Ati wale ni kizazi cha punda waliobeba mizigo ya wachimba dhahabu, dhahabu ikaisha, watu wakaondoka, punda wakabaki. Picha niliipenda, ile anayeingiza kichwa dirishani.

Kama utakwenda Januari, na naona utakwenda, maana umerithi kichwa changu, basi shika haya. Usikae mbele kwenye gari la mtu, kaa nyuma. Tazama namba ya gari kabla hujafungua mlango, usimwambie dereva jina lako, mwache yeye alitaje. Na jambo la saa. Salim amelisoma na nimemfanya alisome tena: Nevada wanasogeza saa zao kwa msimu, Arizona hawasogezi. Mlipokwenda Oktoba pande mbili za mto zilikuwa na saa ile ile. Januari sivyo. Hoteli iko Nevada, kiwanja kiko Arizona, na Arizona itakuwa mbele kwa saa nzima. Ukisoma saa ya ukutani hotelini ukadhani bado una muda, ndege imekwisha kuruka. Utasema basi la hoteli litawachukua. Wewe weka saa yako ya mkononi kwa saa za Arizona tangu siku ya kwanza, uniridhishe mimi.

Pesa ya kurudi iweke mbali na pesa ya kwenda. Si kwenye simu, ni noti, kwenye soksi ikibidi. Ya gari kutoka kiwanjani hadi nyumbani, ya chakula cha siku ya kwanza, ya kodi. Kadi ya benki muachie yule rafiki yako wa Eldoret asiyekwenda. Na ile kadi yao ya mashine iache nyumbani, useme imepotea. Ukae mtoni kweli, ule hiyo aiskrimu.

Na ukifika nyumbani nipigie. Si kutoka hotelini, hapo kila mtu ana sauti nzuri. Nipigie ukifungua mlango wako, na mabegi yangali mkononi.

Nataka ulijue na hili kabla hujapiga: ndugu yako Salim. Kale kamchezo ka ndege kwenye simu kamemchukua. Kandege kanapaa, pesa inapanda nako, unatakiwa utoe kabla hakajatoweka, na Salim kila siku ana habari ya jinsi alivyokaribia. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, nikadhani tumepona. Matangazo yakanyamaza, Salim hakunyamaza. Pesa ya fundi wa bomba imepaa na kandege. Nikimwambia, ananijibu, "Mbona Zuhura anapelekwa kwa ndege ya kweli na mnapiga vigelegele?" Nikakosa la kumjibu, nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku. Wewe ndiye mkubwa wake, neno lako analisikia kuliko langu. Umwambie ulivyorudi. Umwambie kweli, hata kama mimi utanificha.

Mabati ya upande wa jikoni yameoza. Fundi amepanda, kila anapokanyaga panabonyea. Anasema tubadilishe upande mzima, na bei yake nimeikataa, nangoja wa Mtongwe aje naye aseme yake. Mvua ikipiga mamako anaweka sufuria tatu na beseni. Yule mpangaji wa chumba cha mbele analipa nusu nusu, lakini ana mtoto mchanga, sitamtoa. Gari nimeliuza kwa kijana wa Bolt, ameniahidi hataufuta mstari, na najua ataufuta. Mama Riziki anaoza binti mwezi wa Shaabani na anangojea leso kutoka kwako, zisije za polyester. Mamako anasema viatu ulivyomtumia vinambana kidoleni, lakini anavivaa kwenye kila maulidi, kwa hivyo sijui tumwamini nani.

Ukituma pesa ya mabati itume kwa laini ya mamako. Yangu iko kwa Salim, nimempa anitengenezee kioo, na sasa nimeanza kujuta.

Babako