Feni tulivu kwa rejeta nene: namba za kwenye boksi hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika safu yenu ya teknolojia, ambayo iliwashauri wasomaji wanaopoza kompyuta zao kwa maji kwamba, wakitaka ukimya, watafute feni yenye desibeli chache na inayopitisha hewa nyingi kuliko nyingine, kisha waifunge kwenye rejeta nene kadiri kasha lao litakavyoruhusu. Mwandishi aliandika kwa nia njema, na pale alipoeleza namna maji yanavyobeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta sina la kupinga. Lakini katika suala la feni, ushauri wake unamfaa mtu anayetaka kupitisha hewa ndani ya kasha lililo wazi. Mwenye rejeta yenye unene wa milimita 45 au 60 akiufuata, atajikuta na feni tulivu sana ambazo hazipozi kitu.

Namba ya wingi wa hewa inayoandikwa kwenye boksi hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele wala nyuma. Namba ya presha, ambayo watengenezaji wengi huiandika kwa milimita za maji, hupimwa kinyume chake kabisa: njia imezibwa, hewa haipiti hata kidogo, na kinachopimwa ni nguvu ya kusukuma peke yake. Feni iliyofungwa kwenye rejeta haifanyi kazi katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Inafanya kazi katikati, pale ambapo nguvu yake na ukinzani wa rejeta vinalingana, na mahali hapo hapaonekani kwenye boksi isipokuwa mtengenezaji awe muungwana wa kutosha kuchapisha mchoro mzima unaoonyesha jinsi hewa inavyopungua kadiri kizuizi kinavyoongezeka.

Nitoe mfano wa feni mbili za kampuni moja, Noctua ya Austria, ili isionekane kwamba nalinganisha vipimo vya watu wawili wenye mizani tofauti. NF-S12A ya waya nne (waya wa nne hupeleka amri ya kasi) huzunguka mara 1,200 kwa dakika, hupitisha mita za ujazo 107.5 za hewa kwa saa, presha yake ni milimita 1.19 za maji na kelele yake desibeli 17.8. NF-F12 ya waya nne huzunguka mara 1,500, hupitisha mita za ujazo 93.4, presha yake ni milimita 2.61 na kelele desibeli 22.4. Kwa kipimo cha makala yenu mshindi ni S12A bila ubishi, kwani ina hewa zaidi na kelele pungufu. Sasa tuipunguze F12 hadi mizunguko 1,200. Kanuni za feni zinasema kwamba wingi wa hewa hupungua sawasawa na kasi, presha hupungua kwa mraba wa kasi, na kelele hushuka kwa takriban desibeli 5 pale kasi inapopunguzwa kwa asilimia 20. Kwa hesabu hiyo F12 inabaki na mita za ujazo kama 75, presha ya milimita 1.67 na kelele ya desibeli 17 na nusu hivi. Kelele zimelingana, lakini F12 imebaki na presha inayoizidi ya mwenzake kwa asilimia 40, na mbele ya rejeta yenye vibati vilivyobanana, yaani vile vipande vyembamba vya bati ambavyo hewa hupita katikati yake ikichukua joto, presha hiyo ndiyo itakayoamua ni hewa kiasi gani itakayotokea upande wa pili.

Msomaji anaweza kuuliza kama mita za ujazo 75 zinatosha. Tupige hesabu. Tuseme prosesa na kadi ya michoro kwa pamoja vinatoa wati 400 za joto, na tunakubali hewa itoke kwenye rejeta ikiwa na joto lililoongezeka kwa nyuzi 10. Mita moja ya ujazo ya hewa huhitaji takriban kilojuli 1.2 ili joto lake lipande nyuzi moja, kwa hiyo tunahitaji mita za ujazo 120 hivi kwa saa kwa rejeta nzima. Rejeta ya feni tatu inagawa mzigo huo kuwa mita 40 kwa kila feni. Hizo ni chache sana ukilinganisha na mia na kitu zinazotangazwa, na ndiyo maana sioni faida ya kushindania namba kubwa ya kwenye boksi. Kinachotakiwa ni feni itakayoweza kuzihifadhi hizo 40 ikiwa inazunguka polepole huku mbele yake pana ukuta wa vibati.

Hapo ndipo unene unapoingia, na hapo pia ndipo wengi huchanganya mambo. Unene peke yake hausemi kila kitu kuhusu ukinzani. Rejeta ya milimita 60 yenye vibati 10 kwa inchi inaweza kupitisha hewa kwa urahisi kuliko ya milimita 30 yenye vibati zaidi ya 20, kwa sababu hewa hukinzwa na ufinyu wa njia kama inavyokinzwa na urefu wake. Kwa bahati nzuri watengenezaji wengi wa rejeta nene huachanisha vibati, wakijua mnunuzi wao anataka kasi ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua feni, soma idadi ya vibati kwa inchi. Kama haikuandikwa, weka rula juu ya rejeta kwenye mwanga mzuri uvihesabu. Ukikuta 8 hadi 12, feni nzuri ya wastani itakutosha. Ukikuta 16 na kuendelea katika rejeta nene, basi presha iwe kitu cha kwanza unachokitazama.

Niongeze jambo ambalo wenye rejeta nene hawapendi kulisikia, nami nimo. Hewa inapopita polepole sana, hufikia karibu joto la maji kabla haijamaliza hata nusu ya safari yake ndani ya rejeta, na milimita zinazobaki hazina cha kuipa. Kwa maana hiyo, katika mizunguko 500 au 600 kwa dakika, rejeta ya milimita 60 huizidi ya milimita 30 kwa kiasi kidogo kuliko macho yanavyotarajia. Ambaye hajanunua bado, na ambaye kasha lake lina nafasi, angefaidika zaidi kwa kuongeza eneo, yaani rejeta pana zaidi au rejeta mbili nyembamba. Aliyekwisha kununua, kama mimi, ajue tu kwamba rejeta yake inaanza kumlipa pale feni zinapoweza kuisukumia hewa vizuri katika mizunguko 800 hadi 1,200.

Hata feni bora hupoteza nguvu yake kama imefungwa ovyo. Nilipofunga mashine yangu ya kwanza sikuelewa kwa nini maji yalikuwa ya moto ilhali feni zote zilikuwa zinazunguka. Nilichana kipande chembamba cha tishu nikakipitisha taratibu kwenye mzingo wa kila feni, na kwenye pembe, pale ambapo mpira wa kupunguza mtikisiko uliinua fremu kidogo kutoka kwenye rejeta, tishu ilikuwa inapeperuka kuelekea nje. Hewa niliyodhani inapita kwenye vibati ilikuwa inatoroka pembeni. Nilikata gasketi za sponji nyembamba za kuzunguka fremu nzima, nikafunga upya, tishu ikatulia. Nafasi ya milimita moja tu inatosha kuharibu kazi, kwa sababu hewa haina sababu ya kupenya milimita 60 za vibati ikiwa imeachiwa mlango wazi ubavuni.

Wakati ule ule nilifanya kosa lililonigharimu zaidi. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na skrubu za milimita 30 huacha milimita 5 za kushika kwenye rejeta. Mimi nilikuwa na za milimita 35, nikadhani urefu wa ziada ni uimara wa ziada. Skrubu ya tatu iliingia vizuri, ikakaza, ikakaza tena, halafu ikalegea ghafla mkononi. Nilipoichomoa, ncha yake ilikuwa imelowa. Rejeta nyingine huwa na kibati cha kinga chini ya tundu la skrubu, yangu haikuwa nacho. Tangu siku hiyo naweka skrubu pembeni mwa feni na kuipima kwa macho kabla haijagusa rejeta, na nahesabu pia unene wa gasketi.

Kuhusu kufunga feni pande zote mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, maoni yangu ni kwamba rejeta nene yenye vibati vilivyobanana ndiyo mahali pekee ambapo gharama hiyo ina hoja. Feni mbili zinazofuatana huongezeana presha, hazizidishi wingi wa hewa mara mbili kama watu wanavyodhani. Ukizidisha idadi ya feni mara mbili unaongeza takriban desibeli 3. Ukiweza kwa sababu hiyo kushusha kasi kutoka mizunguko 1,000 hadi 800, unapunguza karibu desibeli 5. Faida inayobaki ni desibeli 2, ambazo sikio huzitambua kwa shida. Katika rejeta yenye vibati vilivyoachana hata hizo huzipati, na badala yake unapata vumbi linalojificha katikati ambalo huwezi kulifikia bila kufungua kila kitu.

Desibeli nazo zina udhaifu wake. Kipimo cha kiwandani hufanywa feni ikiwa peke yake hewani, ilhali feni inayovuta hewa kupitia chujio la vumbi au wavu uliogusana nayo hutoa mlio ambao haukuwapo wakati wa kupima. Tena, feni yenye mapanga 7 ikizunguka mara 1,200 kwa dakika hupiga hewa mara 140 kwa sekunde, na mpigo huo ukigongana na bati la kasha linalopenda mtikisiko wa namna hiyo, kasha lote linaanza kuvuma. Nazo feni mbili zinazokaribiana kasi bila kulingana hutoa mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala, na usiku mvumo huo unaudhi kuliko kelele kubwa iliyotulia. Dawa yake ni uvumilivu tu: pandisha kasi kwa mizunguko 50 kila mara, sikiliza kwa dakika nzima, andika zile kasi zinazovuma, kisha zirukwe katika mipangilio. Feni ya waya nne hurahisisha kazi hii kuliko ile inayoendeshwa kwa kupunguza volti.

Jambo la mwisho linahusu amri ambazo feni hupewa, na makala yenu haikuligusa kabisa. Ubao mama, yaani ubao mkuu unaobeba prosesa, kwa kawaida huendesha feni kwa kufuata joto la prosesa, ambalo huruka nyuzi 20 ndani ya sekunde moja mtu akifungua programu nzito, kisha likashuka. Feni nazo zinaruka na kushuka, ingawa maji kwenye rejeta hayajabadilika chochote. Lita moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lake lipande nyuzi moja, hivyo hata wati 400 zikimwagwa ndani yake bila kupozwa zitachukua sekunde kama 10 kuipandisha nyuzi hiyo moja. Kihisi cha joto la maji, ambacho hufungwa kwenye njia ya maji na kuunganishwa na ubao wenye pini zake, huzifanya feni zifuate mwendo huo wa polepole. Mimi nimepanga zibaki kwenye mizunguko 600 hadi maji yazidi joto la chumba kwa nyuzi 6, kisha zipande taratibu hadi 1,100 tofauti inapofika nyuzi 12. Tangu nifanye hivyo, sauti ninayoisikia kwanza ni ya pampu, nayo nimeikalisha juu ya sponji.

Endapo safu hiyo itarudi kwenye mada hii, ningeomba jedwali lake lisinakili namba za maboksi. Feni zote zifungwe kwenye rejeta moja, unene wake na idadi ya vibati vyake kwa inchi vitajwe, kila feni ipunguzwe kasi hadi kelele zilingane, mashine ipewe mzigo ule ule kwa nusu saa, kisha yaandikwe maji yamezidi joto la chumba kwa nyuzi ngapi. Safu moja ya namba za aina hiyo ningeikata na kuitunza, hata kama feni nilizozichagua mimi zingeshika mkia.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi