Mpe Karloff jirani mpya

Swahibu yangu,

Salamu nyingi, na hongera. Rasimu ya toleo la kwanza la jarida lako la mazimwi wa sinema, hili unalolifufua, imenifikia na nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Picha zimetoka safi, na jalada la kuchorwa kwa mkono limenifurahisha kuliko yote. (Wakikushauri ulitengeneze kwa kompyuta, usiwasikilize.) Ila uliniomba nisikufiche kitu, basi sikufichi: huu mgawo wa nusu kwa nusu, kurasa za mbele za Dracula na wenzake, za nyuma za mazimwi wa leo, haufai. Umejenga nyumba moja ukaipigia ukuta katikati. Mzee atasoma upande wake, kijana wake, na kila mmoja ataona amelipia jarida zima akapewa nusu.

Najua unachoogopa. Waliopiga kelele jarida lirudi ni wasomaji wa zamani, nao wanawataka Lugosi, aliyeigiza Dracula, na Karloff, aliyeigiza kiumbe cha Frankenstein. Vijana nao wengi wao hawajamaliza hata filamu moja ya nyeusi na nyeupe. Lakini hebu piga hesabu. Jarida la Marekani la mazimwi, Famous Monsters of Filmland, lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1958, Dracula ya Lugosi ilikuwa na miaka 27 tu. Watoto walionunua jarida hilo hawakuwa wamezaliwa filamu hiyo ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Waliiona kwenye televisheni, maana mwaka mmoja nyuma fungu la filamu 52 za zamani za kampuni ya Universal lilikuwa limeuzwa kwa vituo vya Marekani. Kwao Dracula alikuwa mgeni aliyeingia sebuleni juzi. Sasa mtazame Freddy Krueger, yule muuaji wa ndotoni wa A Nightmare on Elm Street. Alitoka mwaka 1984, kwa hiyo ameshapita miaka 40, nawe umemweka kwenye kurasa za kisasa! Kwa kipimo cha 1958, huyo ni mzee kuliko Dracula.

Kwa hiyo usiwapange kwa umri. Wapange kwa namna wanavyotisha.

Chukua mtu anayegeuka mbwa mwitu. Mwaka 1941, Lon Chaney Jr. alipogeuka katika The Wolf Man, tulionyeshwa miguu inaota manyoya, picha moja ikififia na nyingine ikijitokeza juu yake. Jack Pierce, fundi wa mekapu, alikuwa anabandika nywele, kamera inapiga, anabandika tena. Miaka 40 baadaye, katika An American Werewolf in London, fundi mwingine wa mekapu, Rick Baker, akafanya kazi ileile chumbani taa zikiwaka, hana giza la kujifichia: mkono unarefuka mbele ya macho yako, mgongo unavimba, uso unasukumwa kutoka ndani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Oscar ya kwanza ya mekapu kushindaniwa rasmi. Ziweke hizo mbili katika makala moja, picha kwa picha, kisha umuulize msomaji kwa nini mbwa mwitu wengi wa kompyuta waliofuata hawamkoseshi usingizi. Hapo mzee na kijana watagombana kwenye ukurasa mmoja, na ugomvi huo ndio uhai wa jarida la mashabiki. Mpe kurasa sita. Nane, kama karatasi inatosha.

Jozi nyingine zipo tele. Count Orlok, mnyonya damu wa filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922, kivuli chake na vidole vyake virefu, akae na Babadook, zimwi la filamu ya jina hilo ya mwaka 2014. Kwa macho yangu hao ni ukoo mmoja. Mtu wa Frankenstein, maiti zilizounganishwa zikatiwa uhai, akae na kile kiumbe cha filamu ya The Thing ya mwaka 1982 kinachojiunda upya kwa miili ya wengine.

Kuhusu wazee wenyewe, wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kweli hawa wametuzoea na sisi tumewazoea. Kwamba Lugosi alizikwa na joho lake la Dracula, kila mshabiki anajua; makala yako ya pili inarudia hilo kana kwamba ni siri. Ifute. Andika badala yake kuhusu Dracula ya Kihispania, iliyopigwa usiku katika mandhari zilezile, waigizaji wengine wakiingia baada ya kina Lugosi kwenda kulala. Wapo wanaosema kamera yake ilikuwa na ujasiri zaidi, na mimi ni mmoja wao. Sheria iwe hii: makala ya kale isiingie kama haina jambo litakalomshtua hata aliyeiona filamu mara ishirini.

Mazimwi wapya wana tatizo la kinyume, nalo ni gumu zaidi. Wengi hawana sura. Kile kinachotembea polepole katika filamu ya It Follows hubadilika, leo bibi kizee, kesho mtu wa karibu yako; utamchoraje kwenye jalada? Filamu nyingine zimwi lake ni msiba tu, au ni familia yenyewe. Ni filamu nzuri, nazipenda, lakini jarida hili ni la mazimwi. Nisingelazimisha kila filamu ya kutisha iingie. Chenye umbo la kuchorwa kipewe jalada, kisicho na umbo kipewe makala ndani, na mengine yaachie majarida mengine. Michael Myers, muuaji wa filamu ya Halloween? Ni mtu aliyevaa kinyago cha sura ya mwigizaji William Shatner kilichopakwa rangi nyeupe, lakini tangu alipoanguka ghorofani akainuka akaenda zake, kwangu ni zimwi. Najua utabisha.

Jambo dogo la kikazi: ukikwama kwa picha, Night of the Living Dead ya mwaka 1968 haina hakimiliki Marekani, kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina la filamu tangazo la haki liliachwa nje. Umbo la Karloff lenyewe, kichwa bapa na vile vyuma shingoni, liombee ruhusa kwanza. Riwaya ya Frankenstein ni mali ya wote, sura ile ina mwenyewe.

Nitumie mpangilio mpya kabla hujapeleka kiwandani. Makala ya mbwa mwitu ukiitaka, nitaiandika mimi, usimpe mtu mwingine.

Wako wa siku zote.