Alama 1.5 haziwafanyi wasichana wavivu

Mhariri,

Nasikia mara kwa mara kwamba kumwongezea msichana alama za kuingia chuo kikuu ni kumlea katika uvivu. Sikubali. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 mwaka 1990, na baadaye wakatoka karibu robo ya wanafunzi hadi karibu nusu. Anayeona nafasi iko karibu hukesha na vitabu. Anayekata tamaa ni yule anayeiona mbali mno. Na akishaingia, mitihani ya muhula haimwongezei mtu kitu.

Kinachoniuma ni kingine. Alama hizo hupewa sawasawa binti wa Gayaza High School, shule maarufu ya wasichana Uganda, na yule wa kijijini aliyekariri kemia bila kugusa kifaa cha maabara. Huyu wa pili mara nyingi bado hubaki nje. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwaita wasichana waliokosa nafasi za sayansi kwa pengo dogo, kikawafundisha kwa wiki kadhaa, kisha kikawapima upya. Vyuo vyetu virudie njia hiyo, vikianza na shule zisizo na maabara.

Msomaji wako,
Arusha