Mjomba, ule mti wako bado haujahesabiwa

Shikamoo mjomba. Najua mdogo wangu atakusomea hii kwenye simu jioni mkishatoka shamba. Naiandika hadharani kwa sababu lile swali uliloniuliza siku ya arobaini ya bibi nimelisikia kwa watu wengi sana tangu hapo: mnakuja kuhesabu miti ya nini, na mkishahesabu sisi tunapata nini? Siku ile nilikuwa nawahi basi la Dar nikakujibu tu "ni mambo ya utafiti mjomba", na halikuwa jibu la kumpa mtu mzima.

Ngoja nikupe habari ya mti mmoja wa hukohuko kwetu. Unaujua mwamba-ngoma, ule wa maua mekundu. Sasa upo ndugu yake ambaye kisayansi anaitwa Erythrina schliebenii, jina limetokana na Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea Lindi miaka ya 1930. Mahali alipouchuma baadaye pakawa mikorosho, mti haukuonekana tena, na mwaka 1998 Orodha Nyekundu ya IUCN, ile shirika la dunia la uhifadhi wanamoandika viumbe vilivyo hatarini kutoweka, ikaandika kwamba umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana Kilwa. Halafu 2008 kipande kile cha msitu kikafyekwa kupisha shamba la mazao ya kutengenezea mafuta ya magari, watu wakasema basi safari hii umekwisha kweli, mpaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena, Kilwa hiyohiyo, na miti mikubwa haikufika hata 50.

Yaani mjomba, ile miaka mitatu kati ya 1998 na 2001 makaratasi ya dunia nzima yanasema mti umekwisha, na mti umesimama zake msituni unatoa maua, na mi siamini kwamba hakuna mama aliyepita chini yake na mzigo wa kuni kichwani. Hakuna aliyemuuliza tu.

Nikueleze tunavyofanya. Mmea ukitaka kujua hali yake unaanza na hebariamu, lile ghala la mimea iliyokaushwa, kila jani limegundishwa kwenye karatasi na limeandikwa nani kalichuma, wapi, mwaka gani. Unachukua sehemu zote ulipowahi kuonekana unaziweka kwenye ramani iliyogawanywa vipande vya kilomita mbili kwa mbili, unahesabu vipande vingapi vina huo mti. Vikiwa viwili tu, na msitu wenyewe umekatika vipande na unazidi kuliwa, hapo unaingia kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Au unahesabu miti yenyewe, na hapa inahesabiwa iliyokomaa, inayozaa, miche haimo. Ikiwa chini ya 50 ni kundi hilohilo, bila maswali mengine.

Shida ni kwamba kazi hii siku hizi inaweza kufanyika mezani, mtu ana kompyuta, ana picha za setilaiti na orodha ya sampuli za zamani, anamaliza. Siwalaumu, mimea ni mingi na wataalamu ni wachache na pesa ya mafuta ya gari haipo. Lakini setilaiti inaona kijani, haikwambii mti gani. Na kanuni zenyewe zinadai mmea usiandikwe umetoweka mpaka utafutwe kila unapodhaniwa upo, tena kwa msimu unaofaa, maana mti wa jamii ya mwamba-ngoma ukipukutisha majani na hauna ua unaupita hivihivi kama gogo. Nani anajua msimu wa mti fulani kwenye bonde fulani kama sio wewe uliyelima pale tangu ujana wako?

Najua kinachokuuma. Walikuja watu miaka ile ukawatembeza siku tatu porini, wakachuma, wakapiga picha, wakaondoka, na haikurudi hata karatasi moja kijijini. Walikosea sana. Mtu akikupa anachokijua amekupa mali, unarudi kumwambia imefika wapi.

Na lile la ardhi. Uliniambia ukionyesha mti watakuja kuweka bikoni na kukwambia hama. Orodha Nyekundu sio sheria mjomba, haimnyang'anyi mtu shamba. Sikufichi kwamba serikali inaweza kuitumia ikipanga hifadhi zake, lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuusimamia, na hapo Kilwa vipo vijiji vinavyouza mbao za mpingo kutoka misitu yao na hela inabaki kijijini. Kijiji chenye ushahidi kwamba msituni kwake kuna kitu ambacho duniani hakipo kwingine kina la kusema kikikaa mezani na mwekezaji.

Halafu kuhesabu kunaleta kitu. Kuna mti mwingine, Karomia gigas, ulionekana kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977, ukakatwa, kisha ukapatikana huku kusini mwa Tanzania. Ilipojulikana imebaki michache tu, wakala wa misitu, TFS, wakaweka walinzi, na 2018 matunda yake yakachumwa yakapelekwa mpaka Missouri, Marekani, kuoteshwa. Mbegu nyingi zilikuwa mbovu, ila miche ikapatikana. Kama isingehesabiwa nani angejua kuna haraka?

Sasa ule uliouona wewe nyuma ya korongo, wenye miba kwenye gome, maua mekundu na hauna hata jani moja kiangazi. Huenda ni mwamba-ngoma wa kawaida, na huenda sio. Jina la kijiji sitaliandika hapa wala popote bila ninyi kukubali. Nataka nije na GPS na magazeti ya kubania majani, twende mimi na wewe na mwenyekiti wa kijiji, na tukimaliza nakala moja ya kila nilichoandika inabaki ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

Kwa sasa usiukate tawi, wala usiache moto wa kusafishia shamba ufike kule. Na ukiona umeanza kutoa maua nipigie siku hiyohiyo, maana maua yale hayakai sana na mimi mpaka nifike huko ni siku mbili.