Hesabu Mikono, Mwanangu

Tanga, Jumapili jioni

Marahaba mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na picha ya mizigo yenu ya kuhamia Canada nimeiona. Nimeiangalia mara tatu, ya tatu nikamwita baba yako naye aione: sebule yote mabegi, wajukuu zangu wamekaa juu yake kama abiria wa lori la mnadani. Chini umeandika, "Mama, tiketi zinaruhusu mabegi sita ya kilo 23, na kadogo ka mtoto, na tunafikiria kulipia mawili zaidi." Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Hesabu hujakosea. Wewe na watoto wawili wenye viti vyao, kila mmoja mabegi mawili, ni sita. Sita mara 23 ni kilo 138. Lakini hiyo ni hesabu ya ndege. Ndege ina tumbo, wewe una mikono miwili. Mmoja umembeba mtoto wa mwaka na nusu, wa pili umeshika pasipoti. Mkubwa ana miaka tisa, atavuta begi moja kwa dakika kumi kisha atalalamika. Wa katikati ana sita. Huyo naye ni mzigo, tena mzigo unaokimbia. Sasa niambie, mabegi manane na hilo kadogo atayavuta nani pale Toronto mnapobadilisha ndege, mume wako akiwa bado yuko Winnipeg anakusubiri?

Haya yalinipata. Mwaka 1996 tulipomfuata baba yenu masomoni Glasgow, wewe ulikuwa na miaka mitano na kaka yako ananyonya. Nilikuwa mwalimu, na walimu tunapenda mpangilio. Nikapanga: sanduku la kwanza nguo zangu, la pili nguo zenu nyote wawili, na boksi la vyakula nimelifunga kwa kamba ya katani, maana nani wa Tanga asiye na katani. Tulibadilisha ndege mara mbili. Tulipofika, mkanda wa mizigo ukaanza kuzunguka. Sanduku langu likaja. Boksi likaja limepasuka ubavu, na nyuma yake nazi mbili zinakuja peke yake, zinapita mbele za watu, zinaingia ndani kwenye lile pazia la mpira, zinarudi tena. Ukapiga kelele, "Mama, nazi zetu!" Watu wote wakageuka. Sanduku la nguo zenu halikuja. Lilifika siku ya nne. Siku nne za Novemba wewe ulivaa sweta la baba yako kama gauni, na kaka yako nilimfunga vipande vya khanga. Pale kaunta waliniambia niandike sanduku lilivyo. Nikaandika "jeusi." Yule kijana alinitazama kwa huruma tu, kwa sababu nyuma yake yalipangwa masanduku kama thelathini, yote meusi.

Kwa hiyo la kwanza: usimpe mtu begi lake. Kila begi liwe na nguo za kila mmoja wenu, mbili tatu, hata kama roho inakuuma kwa fujo. Likipotea moja, hakuna atakayebaki uchi. Ndani ya kila begi, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina lako, simu ya mumeo na anwani ya Winnipeg, kwani lebo ya nje hukatika. Yapige picha yakiwa yamefunguliwa na yakiwa yamefungwa. Na nimeichana ile khanga yangu nyekundu iliyotoboka, vipande virefu, nitakuletea uvifunge kwenye mishikio. Mkubwa wako ataliona begi lenu kabla yako.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbini. Nenda kaunta ya mizigo papo hapo, uandikiwe ripoti yenye namba, na vile vijikaratasi vya lebo walivyokupa Dar uwe navyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Canada zote zimo, unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukifika umeharibika, na siku 21 tangu ukabidhiwe ukiwa umechelewa. Risiti za nguo na nepi utakazolazimika kununua zitunze. Mimi wakati ule nilitupa risiti, nikaja kuambiwa habari hizi miaka mingi baadaye, hasira zimeshapoa.

Sasa kuna hili la tiketi, nalo limenikosesha usingizi kuliko mabegi. Umesema mumeo ameona tiketi ya bei rahisi ya Toronto hadi Winnipeg, mnunue mbali na ile ya Dar–Addis–Toronto. Mwambie mama mkwe wake anamsalimu na anasema hapana. Tiketi ikiwa moja, yaani safari nzima iko chini ya namba moja ya herufi na tarakimu sita, ndege ya Addis ikichelewa ni juu ya shirika la ndege kuwatafutia nyingine. Zikiwa mbili, yule wa Winnipeg hana habari nawe. Atakuona abiria aliyechelewa, tiketi imekufa, ununue upya viti vitatu kwa bei ya siku hiyo huku mtoto analia. Na mizigo nayo haitapokelewa mpaka mwisho. Utaibeba wewe toka tiketi ya kwanza hadi ya pili. Mnachookoa hapo hakitoshi hata begi moja la ziada.

Nimeona pia kwamba ile ndege ya Winnipeg inaondoka saa moja na dakika hamsini baada ya kutua. Kwa mtu mwenye mkoba mmoja, sawa. Wewe unaingia Canada kuhamia. Toronto ndiyo mlango wa kwanza, ndipo utakapokaa na afisa uhamiaji akague ile karatasi ya kuthibitisha ukaazi wako na kukuuliza maswali, kisha forodha. Foleni siku hiyo inaweza kuwa fupi, inaweza kuwa ya ndege nne zilizotua pamoja. Chukueni ndege inayoondoka saa nne au tano baada ya kutua. Watoto watalala kwenye viti, wewe utakunywa chai.

Na pale kaunta ya Dar, Jengo la 3, usiulize "mizigo inafika?" Kila mtu atakujibu inafika. Uliza hivi: "Mzigo huu nitaushika tena wapi?" Kisha soma lebo mwenyewe kabla haujaingia kwenye mkanda. Addis ni ADD, Toronto YYZ, Winnipeg YWG. Ikiishia YYZ, simama hapo hapo uulize. Lakini hata ikiwa YWG, huko wanakoingilia nchi, Canada kama Marekani, mara nyingi abiria hutakiwa kuuchukua mzigo kwenye mkanda, aupitishe forodha, aukabidhi tena hatua chache mbele. Ukiambiwa hivyo, ndipo utakapoikumbuka hesabu yangu ya mikono. Usione haya kuomba mtu wa kukusaidia. Hata kuomba kabla, wakati wa kukata tiketi, kwamba unasafiri peke yako na watoto watatu, inaruhusiwa.

Addis yenyewe msiidharau. Uwanja uko juu, zaidi ya meta 2,300, na usiku wake ni wa sweta. Usiwavue watoto kwa kuwa mmetoka kwenye joto la Dar. Na kwa sababu ya kimo hicho hicho, ndege inayokwenda mbali huko magharibi mara nyingi haiwezi kuruka imejaza mafuta yote, baadhi hutua mahali njiani kuongeza. Msishtuke mkakimbilia mlangoni mkidhani mmefika. Kaeni.

Makoti. Nasikia ulikwenda Ilala kwenye mtumba ukarudi na makoti manne ya theluji, na begi zima limekwisha hapo. Mwanangu! Mumeo yuko Winnipeg, ana gari, na makoti yanauzwa huko huko. Mwambie aje nayo uwanjani, kila mmoja lake, na kofia. Toronto mtakuwa ndani ya majengo muda wote. Sweta na jaketi jepesi vinatosha. Hayo ya Ilala rudisha, na wakikataa mgawie shangazi yako anayelima Lushoto, atayatumia mwezi wa saba.

Vyakula je? Dagaa waliokaushwa, viungo vya pilau, sawa, funga vizuri na utaje vyote kwenye forodha. Ukiulizwa kama una chakula, jibu ni ndiyo. Anayetaja huambiwa pita au acha hiki, anayeficha ndiye anayetozwa faini. Nyama na matunda mabichi usithubutu. Na ile mbuzi ya kukunia nazi uliyoililia, haya, ichukue, ila iende kwenye begi la tumboni, meno yake yamefungwa kitambaa, maana mkononi wataikamata. Ila nakuomba, afisa akikuuliza una nini humo, usije ukamtafsiria neno kwa neno ukamwambia una mbuzi.

Kuna karatasi moja ambayo wengi huisahau. Mhamiaji anaruhusiwa kuingiza vitu vyake vya nyumbani bila ushuru, lakini aviorodheshe: orodha ya alivyokuja navyo, na orodha ya vitakavyofuata baadaye. Andika zote mbili nakala mbili mbili, pamoja na thamani, umpe afisa wa forodha siku ile ya kwanza. Fomu yao inaitwa BSF186. Ukishafanya hivyo, yale mabegi mawili ya ziada huna haja ya kuyalipia. Vyombo, vitabu, mapazia, cherehani, viandike kwenye orodha ya vitakavyofuata, vibaki kwangu, vije kwa meli au na ndugu anayekuja mwakani. Dhahabu zako za harusi ziandike moja moja, zipige picha, na uzivae au uziweke mkononi. Na kama fedha taslimu ulizobeba zinafika dola 10,000 za Canada, zitajwe. Najua hazifiki, lakini mama hujisemea.

Mzani ule mdogo wa kuning'iniza ninao, nitauleta. Pima nyumbani, weka kilo 22, si 23, kwa kuwa mizani hazipatani. Begi likivuka 32 hawalichukui hata ulipe. Na ukilazimika kulipia la ziada, lipia mtandaoni kabla, kwa kawaida bei ya kaunta ni kali zaidi. Umeshawaona wale wanaofungua mabegi sakafuni, wanahamisha nguo za ndani mbele za watu huku foleni inawasonya? Tusifike huko.

Mkononi uwe na begi moja la mgongoni na pochi ya shingoni, basi. Pochini: pasipoti, karatasi ya ukaazi, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, ya manjano ya chanjo, na barua ya baba yao kwamba anajua na ameridhia mnasafiri bila yeye. Usicheke, mama na watoto watatu bila baba ni jambo la kuulizwa. Begini: dawa zikiwa kwenye paketi zake, pawabenki (haziruhusiwi kwenye begi la tumboni), nguo za kubadili za kila mtoto, na blauzi yako moja. Watu hubeba nguo za mtoto wakasahau kwamba mtoto humtapikia mama. Vimiminika ni mililita 100, ila maziwa ya mtoto waonyeshe, hayo wana utaratibu wake. Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe, masikio yasimuume. Wale wawili wape cha kutafuna.

Ninachotaka ufanye kesho ni hiki. Panga mabegi yote mlango wa chumbani, mbebe mdogo, wape wakubwa yao, kisha mtoke mpaka geti la barabarani na kurudi, bila kusaidiwa na dada wa kazi wala bodaboda wa pale nje. Safari moja tu. Kitakachobaki njiani hakiendi Canada.

Baba yako anasema nimezidisha. Huyo hakuziona nazi, alikuwa upande wa pili wa kioo anatupungia mkono.

Nitapanda basi la Alhamisi asubuhi, nikifika stendi ya Magufuli nitakupigia. Nina mzani, vipande vya khanga, na yale maandazi makavu ya wajukuu ya kula njiani. Usiyafunge mabegi mpaka nifike.

Mama yako