Kaja kusoma Kiswahili, tusimgeuze tuisheni ya Kiingereza

Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi niseme na wenzangu wa hapa mjini Unguja tunaowapokea majumbani wanafunzi wa kigeni wanaokuja kusoma Kiswahili, wanakaa kwetu mwezi, miezi miwili.

Kwetu kazi hii aliianza mama tangu enzi za Takiluki, kile chuo cha Kiswahili na lugha za kigeni cha hapa Unguja, mie nimerithi tu. Pesa yenyewe si ya kutajirikia, inaishia kwenye samaki na umeme wa tukuza (na hawa wenzetu feni haizimwi hata wakitoka) lakini nawapenda. Sasa safari hii kaja binti kutoka Ujerumani, siku ya kwanza tu kaniamkia shikamoo, anatafuta neno moja moja utamuonea huruma, wanangu wao wanamjibu hawayu hawayu. Mtaani ndo usiseme, barazani helo, dukani helo, hata muuza urojo anamtajia bei kwa Kiingereza! Wiki ya tatu namkuta jikoni kajiinamia, una nini mwanangu, ananambia mama mimi nimepanda ndege kuja kusema Kiingereza, na hata si lugha yangu. Niliona haya mie.

Na sisi Waunguja kwa kujinata, oo Kiswahili sanifu kimetoka kwetu, kwenye mkutano wa Mombasa 1928 kilichaguliwa Kiunguja kiwe msingi wake, haya mtu kakifuata mpaka mlangoni tunamfungia.

Basi nikapiga marufuku, Kiingereza mpaka baada ya isha. Nikamkalisha kitako kwenye mbuzi akune nazi, vidole vilichubuka lakini siku ile kajua machicha, kajua kifumbu, kajua tui la kwanza na la pili linaingia lini, maneno ambayo daftari lake halikuwa nayo. Jioni akanisahihisha eti si skuli ni shule, nikamwambia hapa ni skuli, kaandike.

Ombi langu kwa wanaotugawia wanafunzi, watuite siku moja kabla ya wageni kufika tukae tuzungumze na hili, maana tukiitwa huwa ni maji ya kuchemsha na chandarua tu basi.

Mwanangu mdogo bado kanuna, anasema homuweki ya Kiingereza atasaidiwa na nani. Nimemwambia baada ya isha.

Mama mwenyeji, Unguja Mjini