Kurunzi za LED za Bei Nafuu kwa Wazamiaji: Kagua Oringi na Betri Kabla ya Kuhesabu Lumeni

Wateja wanaotafuta kurunzi ya kuzamia ya bei nafuu, karibu wote, huanza kwa kuuliza ina lumeni ngapi, yaani inatoa mwanga kiasi gani. Swali hilo ni la haki, lakini tungependa liulizwe mwisho. Diodi ya LED, hata ile ya bei ya chini, inaweza kuwaka kwa maelfu ya saa. Kurunzi zinazorudi kwetu zikiwa zimekufa, kwa kawaida zimeingia maji, swichi yake imekwama, au betri yake haikuwa kile kilichoandikwa kwenye ganda lake. Mtengenezaji anayeuza kwa bei ndogo lazima amepunguza gharama mahali fulani, na kazi ya mnunuzi ni kutambua mahali hapo kabla hajaingia majini.

Tuanze na madai kwamba kurunzi haipitishi maji. Kurunzi nyingi zilizotengenezwa kwa matumizi ya nchi kavu huuzwa zikiwa na alama ya IPX8, na wapo wanaodhani kwamba alama hiyo inatosha kwa skuba, yaani kuzamia kwa mtungi wa hewa. Haitoshi. Katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, namba 7 ina maana kwamba kifaa kimestahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na namba 8 ina maana kwamba kimestahimili masharti makali zaidi ya hayo, ambayo mtengenezaji ndiye anayepaswa kuyataja. Asipoyataja, alama hiyo haikuambii lolote la kukufaa. Tafuta kina kilichoandikwa kwa mita, pamoja na maelezo kwamba kurunzi ilikusudiwa kwa kuzamia. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo linalokaribia lile la angahewa moja, kwa hiyo lenzi yenye kipenyo cha milimita 40, ikifikishwa kina cha mita 30, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 39, ilhali hewa iliyomo ndani ya kurunzi ni ileile uliyoifungia ulipokuwa juu. Mzamiaji wa burudani, ambaye kikomo chake ni mita 40, hana haja ya kulipia kurunzi ya mita 150, ila inayohimili mita 60 au 100 humwachia nafasi ya kutosha.

Kinachozuia maji hasa ni oringi, yaani pete ya mpira inayokaa katika mfereji wake pale kurunzi inapofungukia. Tunapendelea kurunzi zenye oringi mbili katika kila mwanya, kwa sababu unywele mmoja au chembe ya mchanga iliyolala juu ya pete ya kwanza bado itakutana na ya pili. Wengi hushangaa wanaposikia kwamba hatari kubwa haiko kwenye kina kirefu peke yake: shinikizo likiongezeka, huisukuma oringi nzima ijibane zaidi kwenye mwanya, hivyo pete iliyokaa vibaya inaweza kuvuja mita chache tu kutoka juu, na hata ndani ya ndoo. Kabla ya kununua, fungua kifuniko ukague mambo mawili: mfereji uwe laini usio na mikwaruzo, na hesi, yaani mikato ya skrubu ya kufungia kifuniko, zizunguke bila kukwaruza. Hesi zilizochongwa ovyo hutoa unga wa alumini, na unga huo huishia kwenye oringi.

Grisi nayo hueleweka vibaya. Si yenyewe inayozuia maji. Kazi yake ni kuifanya pete iteleze na kukaa sawasawa, kwa hiyo inatakiwa utando mwembamba tu unaong'aa, kwani ikizidi hunasa mchanga. Oringi nyingi ni za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa, na hupatana vizuri na grisi ya silikoni, lakini zile ambazo zenyewe ni za silikoni zinaweza kuvimba zikipakwa grisi hiyohiyo, na ndiyo sababu tunamwomba mteja asome karatasi ya maelezo hata kama imeandikwa kwa herufi za kuumiza macho.

Swichi ni mahali pengine panapofichua bei. Kurunzi inayowashwa kwa kuzungushwa kichwa ni rahisi kutengeneza na ina sehemu chache za kuharibika, ila ukiizima kwa kulegeza kichwa, unalegeza kilekile kinachozuia maji, na mkono uliovaa glavu unaweza kuzidisha. Kitufe cha kubonyeza hutegemea ngozi ya mpira ambayo, katika kurunzi duni, shinikizo la maji huweza kuibonyeza lenyewe. Swichi ya sumaku haina tundu linalopita kwenye ganda, na kwa bei ya chini ndiyo tunayoipendekeza. Kasoro yake ni kwamba hukwama mchanga na chumvi vikiachwa vikaukie hapo, na sumaku yake inaweza kuyumbisha dira, kwa hiyo dira na kurunzi visikae mkono mmoja.

Sasa tuje kwenye lumeni, ambako hesabu ndogo inatosha kumwokoa mnunuzi. Betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo inayotumika zaidi katika kurunzi hizi. Betri nzuri ya aina hiyo ina takriban miliampea-saa 3,500 (kipimo cha chaji inayohifadhiwa) kwa volti 3.6, sawa na wati-saa 12.6. Tukikadiria kwamba kurunzi hutoa lumeni 100 kwa kila wati, kurunzi ya lumeni 1,000 itatumia wati 10 na kuwaka kwa zaidi kidogo ya saa moja, muda unaotosha mbizi ya kawaida. Chukua sasa ile iliyoandikwa lumeni 8,000 kwa diodi moja na betri moja. Ingehitaji wati 80, yaani mkondo unaozidi ampea 20, na ingemaliza betri kabla ya dakika 10. Diodi ya XM-L ya kampuni ya Cree, ambayo jina lake hubandikwa kwenye kurunzi nyingi nafuu, ilitangazwa kutoa lumeni 1,000 ikipewa ampea 3. Anayeahidi mara nane ya hapo anauza tarakimu.

Muda wa kuwaka nao usomwe kwa tahadhari. Kiwango cha Marekani cha ANSI FL1 huhesabu muda huo mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyokuwa mwanzo, kwa hiyo saa 3 zilizoandikwa kwenye boksi zinaweza kuwa na dakika nyingi za mwanga hafifu.

Udanganyifu wa lumeni unakera, lakini wa betri unaweza kuumiza. Ukiona 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900, iache ilipo. Betri halisi ya ukubwa huo huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na mizani ya jikoni itakuonyesha kama uliyo nayo ni pungufu mno. Nunua betri yenye saketi ya ulinzi, yaani kibao kidogo kinachokata umeme betri ikizidiwa, kutoka kwa muuzaji anayeaminika, hata kama itakaribia bei ya kurunzi yenyewe, na hakikisha chaja inasimama kwenye volti 4.2. Ukumbuke pia kwamba saketi hiyo huongeza urefu kwa milimita kadhaa, na kuna kurunzi ambazo hazifungiki vizuri zikiwekewa betri hizo ndefu.

Kuhusu umbo la mwanga, mwale mwembamba wa nyuzi 6 hadi 10 hufaa zaidi kuliko mpana kama maji yana chembechembe, kwa kuwa mwale mpana huziangaza zote mbele ya macho yako, kama taa kali za gari ndani ya ukungu. Mpana, wa nyuzi 90 na zaidi, uachiwe wapiga video. Kwa mchana mwanga wa wastani unatosha kurudisha rangi nyekundu, ambayo maji huimeza ndani ya mita chache za kwanza. Tunaikataa kabisa kurunzi inayolazimisha kupita kwenye kumetameta na SOS (ishara ya kuomba msaada) kila unapotaka kuizima: usiku wazamiaji huzungumza kwa mwanga, duara la polepole likimaanisha mambo ni shwari na kupunga haraka upande kwa upande kukimaanisha dharura, na kumetameta kusikokusudiwa huwashtua wenzako bure.

Kurunzi mpya ishushwe mara ya kwanza mchana, bila betri, ikiwa na kipande cha karatasi kavu ya tishu ndani. Karatasi ikirudi na unyevu, umepoteza muda tu. Kwa mbizi ya usiku kurunzi nafuu iwe ya akiba, si ya pekee. Wazamiaji wa mapangoni hubeba taa tatu, na wengi wao taa mbili za akiba ni ndogo na za kawaida sana.

Kurunzi iliyoingia maji ikiwa na betri isifunguliwe kwa pupa. Betri iliyolowa maji ya chumvi hutoa gesi, na gesi iliyofungiwa ndani ya bomba la chuma inaweza kurusha kifuniko kwa nguvu kubwa. Elekeza ncha zote mbili mbali na uso wako na watu wengine, legeza hesi polepole mpaka gesi itoke, kisha usiitumie wala kuichaji tena betri hiyo. Ganda, lenzi na oringi tuletee tuvikague; betri iliyolowa usiitume kwa posta wala kuiweka katika mzigo wa ndege.